Mlango Wetu Uko Huku, Mama

Marekani,
Jumapili baada ya Alasiri

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo mama. Nakubusu mikono yote miwili. Na wewe Asha mdogo wangu, unayemsomea mama barua hii, nakwambia mapema: kaa kitako, usisome umesimama, na usiruke neno hata moja ukajidai unamlinda mama. Nakujua wewe. Mama naye mwambie ameze kwanza hicho alicho nacho mdomoni, maana ninayoyaandika yanaweza kumpalia.

Mimi mzima, alhamdulillah. Kile kifua kilichokuwa kikinikamata wakati wa baridi kimeniachia. Wewe mama, magoti vipi? Ile dawa ya kuchua niliyompa yule kijana wa Bwejuu aliyekuja huko likizo, ilikufikia au kajichua mwenyewe? Kila nikikufikiria unapanda ngazi zile na ndoo ya maji, mimi huku ndiye ninayeugua miguu. Mwambie Asha apandishe yeye, mikono yake haijafanywa kwa hina tu.

Barua yako nimeipata. Mara ya kwanza niliisoma nikacheka, mara ya pili nikalia. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, ile sinema waliyokuja kuipiga mtaani kwetu Kiponda, baba bado yu hai, wakaukandika na mlango wetu unga mweupe: je, nshaiona, na mlango unaonekana? La pili, Ami Seif kakuletea mwenye hoteli wa Nungwi anayeutaka mlango huo huo akautie kwenye baa yake ya pwani, na wewe hutaki kumjibu mpaka usikie kauli yangu. Ati Ami anakwambia, "Nyumba njema si mlango, shemeji. Utatiliwa mlango mpya wa mninga, usioliwa na mchwa." Haya. Mimi nilidhani haya ni mambo mawili mbalimbali. Wallahi mama, ni jambo moja. Nisikilize nikuhadithie, na jibu langu utalikuta humu humu. Usimwite Ami kabla Asha hajafika chini ya karatasi ya mwisho.

Sinema nimeiona. Nisikufiche, ilinikasirisha. Ni habari ya binti wa Kizungu anayetafuta lulu iliyopotea, naye anafuatana na kobe anayesema. Ndiyo, kobe anasema! Kiingereza cha puani, na mizaha kila akifungua kinywa. Mimi nimekaa kitini nnasubiri mlango wetu. Basi ukatokea. Nikainuka, nikamshika bega Rosa, yule Mmeksiko nifanyaye naye kazi, nikamwambia, "Ule! Ule wetu!" Kabla sijamaliza, yule binti keshaupiga teke, kashaingia, kashatokea upande wa pili. Ndiyo imekwisha. Mtu akikohoa, umempita.

Nikakumbuka ulivyowapikia wale watu. Ulivyosimama kibarazani na upawa mkononi, ukiwaambia, "Mkiutia doa mtaulamba wenyewe!" Na baba akicheka, "Waache, mama Zuwena, mlango haupungui kwa kutazamwa." Wakaupaka ule unga wao, ukaganda kama wanavyofungwa watu waliovunjika miguu, wakaubandua umeshika sura nzima ya mlango, na mlango wenyewe wakausafisha kwa brashi mpaka ukang'aa kuliko siku ya Idi. Ukawapa halua na kahawa juu yake. Wakasema watakuletea picha. Mpaka leo, picha iko wapi?

Sasa hiyo ilikuwa nusu ya habari. Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya nisile siku nzima.

Unajua kazi yangu. Bustani hii watu wanalipa kuingia, wanatazama wanyama, watoto wanapanda mabembea na vigari vya kuzunguka, wanakula aiskrimu, wanakwenda zao. Lakini wanyama ndio wenyewe. Hata bembea zimetengenezwa kwa sura ya twiga na kiboko. Mimi na Rosa tuna makobe, wale wakubwa kama wa kisiwani Changuu, unakumbuka baba alivyotupeleka na kikapu cha mchicha, Asha akalia akasema jiwe linamfuata? Ndio hao hao. Yuko mmoja jike, mkubwa kuliko wote, hapana ajuaye umri wake. Wenyewe wana jina lao walilompa, mimi namwita Bi Mkubwa. Na kweli ni bi mkubwa. Hakimbizwi wala hafanyi haraka kwa ajili ya mtu, na akikutazama unajiona umevaa vibaya.

Huyu bibi ana ada yake. Asubuhi akitoka bandani anavuka uwanja, anafuata ua wa miti, anakwenda mpaka penye tope chini ya mti mmoja mkubwa. Hapo anajizamisha mpaka Adhuhuri. Halafu anarudi. Njia ni ile ile, majani yashakufa alipopita. Ukimwekea ndizi pembeni ya njia anaila, kisha anarudi njiani kwake. Ukitaka kumgeuza, ndizi tu ndiyo inayomgeuza.

Basi siku moja bosi wetu, Bi Karen, akatukusanya wafanyakazi sote. Mwanamke mzuri, mama, sitomsema vibaya, hata siku ya Idi hunipa ruhusa bila kununa. Pembeni yake kakaa bwana mmoja wa sinema, miwani kaiweka kichwani, viatu bila soksi. Bi Karen akasema, "Tutajenga mji mzima wa ile sinema, humu bustanini. Wenzetu wana ya kwao, na sisi watoto hawaji tena. Lakini hii ni bustani ya wanyama, kwa hivyo nnawauliza ninyi mnaokaa na wanyama. Mnaonaje, inafaa?"

Wengine wakasema inafaa, wengine wakatazama viatu vyao. Yule bwana akasema, "Sinema yetu ina kobe. Ninyi mna makobe. Ni kama imeandikwa!"

Mimi unanijua, ulimi wangu haukai kitako. Nikainua mkono. Nikasema, "Bwana, kobe wako anasema. Mtoto akija kwa ajili ya kobe anayesema, akifika kwa wangu atamtaka naye aseme. Atasema nini?"

Watu wakacheka. Hata yule bwana alicheka, akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Unguja, mjini, loo! Kaniinukia, kanikumbatia mbele ya watu, mama, mimi nimejikausha kama ufagio. "Unguja! Tulipiga sinema huko! Basi wewe utakuwa malkia wa mji wetu." Na mji wenyewe akauonyesha kwenye ramani. Nikatazama. Kidole chake kilisimama chini ya ule mti, juu ya tope la Bi Mkubwa.

Nilipiga kelele. Rosa naye akapiga. Bi Karen akasema makobe watachimbiwa tope jipya upande wa pili, kubwa zaidi, safi zaidi. Sawa, wakachimba. Bi Mkubwa hakulitazama. Walipong'oa mti na kuziba kwa mbao, yeye kila asubuhi alitoka bandani, akavuka uwanja, akafuata njia yake mpaka kwenye zile mbao, akaweka kichwa pale. Akakaa hivyo mpaka Adhuhuri, akarudi. Kesho tena. Baadaye akaacha kula. Mchicha hataki, maboga hataki. Daktari wa wanyama kampima, kasema hana ugonjwa, lakini akiendelea hivi hafiki mbali. Mimi nilikuwa nikichuchumaa namwambia kwa Kiswahili, "Bibi, kula hata kidogo, usiniue mie mtoto wa watu." Ananitazama tu.

Ujenzi ukaisha, wakaondoa mbao. Mimi nilikuwa nakata njia na karai la mchicha kichwani. Nikazunguka pembe. Mtume!

Mama, nyumba yetu.

Mlango wetu umesimama mbele yangu, mzima, na mfaa wake katikati umechorwa minyororo na mawaridi, na ile misumari yenye vichwa vya shaba safu kwa safu. Nikasema labda ni mlango mwengine, mjini kwetu milango inafanana. Nikatazama safu ya tatu. Unakumbuka kichwa kimoja kiling'oka, baba akakosa cha shaba, akapigilia kishikio cha kifuniko cha dele letu la kahawa? Ukagombana naye wiki nzima, ati kakuharibia dele na mlango kwa siku moja. Kipo, mama! Kishikio cha dele kipo, kimekaa upande upande kama kilivyo hapo nyumbani. Machozi yakanitoka.

Hapo tena sijui akili yangu ilikwenda wapi. Nikatua karai. Nikavua viatu, nikaviweka ubavuni. Nikaita, "Hodi!" Kimya. Nikaita tena, "Hodi wenyewe!" Kimya. Nikaita mara ya tatu, kwa sauti ile ya kumwamsha mtu aliyeko juu. Wallahi nilikuwa nangoja uniitike. Nilikuwa nangoja nisikie ndala zako kwenye ngazi.

Rosa akaja nyuma yangu. "Zuwena, unasema na nani?"

Nikausukuma. Haukufunguka. Nikagonga, ukalia kama boksi tupu. Ni lile povu gumu jeupe linalotiwa ndani ya boksi la televisheni lisivunjike, wamelipaka rangi ya mti. Mlango hauna bawaba! Hapana ndani, mama, ni uso mtupu. Wakati huo huo akatokea mama mmoja mfanya usafi, kutoka ubavuni, na ndoo na tambara. Nikamuuliza, nyuma ya hapa pana nini? Akasema, "Choo cha wanawake."

Soma tena, Asha, mama asidhani amesikia vibaya. Choo.

Nikainua macho juu ya mlango. Babu wa babu yetu aliyeijenga nyumba aliandikisha Bismillahi juu ya mlango, kila atokaye na kila aingiaye apite chini yake. Na huku imo, herufi kwa herufi, imechapwa kutoka kwenye ule unga wao. Juu ya choo. Lahaula! Nilihisi kama mtu kanimwagia maji ya baridi kutoka ghorofani. Karai la mchicha nikaliacha pale pale.

Nilikwenda kwa Bi Karen vile vile bila viatu. Nilipomweleza alikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Nilidhani ni maua," akasema, "Mungu wangu, Zuwena, nilidhani ni maua." Nikamwamini. Yule bwana wa sinema ndiye aliyeniudhi. Akasema, "Lakini ndiyo uzuri wake, ni kitu halisi." Nikamwambia, "Halisi iko Kiponda, bwana. Kile ni boksi la televisheni." Wakaahidi maandishi yataondolewa, ila baada ya ufunguzi, maana mafundi washaondoka na wageni washaalikwa. Ningeyafuta mwenyewe, lakini yako juu na ngazi hakunipa mtu.

Sasa ufunguzi. Nasikia mnauliza, Bi Mkubwa je? Walitwambia siku hiyo makobe wote wafungiwe. Asubuhi nilikwenda bandani nikamkuta amesimama mbele ya lango dogo, tayari, kama mtu aliyevaa anangoja gari. Mchicha wa jana upo vile vile. Nikatoa ndizi, akaigeuzia uso. Huko nje ngoma zinalia, na yule kobe wa sinema wamemtengeneza wa mpira, wamemtia umeme, anasema mizaha yake kwa kipaza sauti, watoto wanamkumbatia. Baadhi yao walikuja mpaka kwetu uani, wakampigia kelele Bi Mkubwa, "Sema! Sema basi!" Mmoja akamwambia mama yake, "Huyu kaharibika." Haki ya Mungu hivyo hivyo. Alikuwapo msichana mmoja tu aliyekaa kitako kumtazama, hakusema kitu, akaniuliza huyu anapenda nini. Huyo naye kaletwa na sinema, siwezi kumnyima haki yake. Lakini ni mmoja.

Nilipomtazama yule bibi, na shingo yake imekonda hivyo, nilivuta komeo. Nilijiambia atatembea tu kidogo anyooshe miguu, na mimi nna ndizi mkononi, nikitaka kumgeuza ntamgeuza.

Akatoka. Akavuka uwanja, akafuata njia yake ya siku zote, akaingia kwenye umati. Watu wakampisha. Wanapiga picha, wanacheka, hapana aliyejua kuwa si mchezo. Akampita yule kobe wa mpira, hakumgeuzia hata jicho. Akafika mlangoni kwetu. Akaweka kichwa pale chini, kwenye mfaa, kama alivyokuwa akiweka kwenye zile mbao. Rosa akanikimbilia, "Zuwena, ndizi! Mwonyeshe ndizi!"

Ndizi nilikuwa nayo mkononi, mama. Sikuitoa.

Mimi pale nilibisha mara tatu, sikuitikwa, nikarudi, kama ulivyotufunza. Yeye hakufunzwa hivyo. Akasukuma. Kitu kikalia kraa! Akasukuma tena, na uzito wake wote, akatia bega. Mlango ukapasuka kutoka chini mpaka juu, ukaingia ndani mzima mzima. Na ukuta wa nyuma nao ulikuwa ubao wa kuazima, ukafuata. Wanawake wanne wamesimama kwenye beseni wananawa mikono, mmoja rangi ya mdomo kaishikilia hewani, wanatazamana na kobe. Aliyekuwa chooni mwenyewe simtaji.

Unajua watu walifanya nini? Walipiga makofi! Walidhani ni sehemu ya maonyesho. Walipiga vifijo, wakanyanyua watoto mabegani waone vizuri. Mimi nilishituka kuliko niliposhituka kuona choo.

Na hapo ndipo nilipoiona Bismillahi imeanguka, imevunjika vipande vipande, na watu wanasogea kuja kutazama, na viatu vyao. Sikufikiri. Nilijitupa chini magoti, nikavua mtandio wangu wa kichwani, mbele ya umati ule, nikawa naokota vipande natia mtandioni. Nawasukuma watu miguu, "Ondoka! Usikanyage! Toa mguu!" Kwa Kiswahili, maana Kiingereza chote kilikuwa kimenikimbia. Kichwa wazi, nywele nje, na huku wananipiga picha mimi pia. Bi Karen peke yake ndiye aliyefahamu. Alipiga magoti na suti yake ya ufunguzi, akaokota pamoja na mimi mpaka kikaisha cha mwisho. Vipande nimevizika mahali safi, chini ya mti, hapana anayepita.

Bi Mkubwa alikuwa amesimama ndani. Chini wametia vigae vyeupe. Alivinusa. Akazunguka pole pole, akanusa na kule. Alikuwa anatafuta tope lake, mama. Halipo. Alikaa pale kwa muda, halafu akageuka akatoka, akarudi njia ile ile, na makofi hayajesha.

Sasa sikia vituko. Siku ya pili yake nimevaa tayari kwa kufukuzwa. Naingia ofisini, yule bwana wa sinema ananipokea kama bibi harusi. "Zuwena! Umetupa kitu ambacho pesa hazinunui!" Ati simu hazijanyamaza, watu wanauliza lile onyesho la kobe kuvunja mlango liko saa ngapi. Basi wanataka liwe kila siku, saa tisa. Milango ya povu itachapwa mipya, wana ule unga wao bado, wanaweza kutoa milango mpaka siku ya kiama. Maandishi hawatayatia, hilo walikubali. Mimi kazi yangu ni kuvuta komeo.

Nikamwambia, "Mlango wa mama yangu uvunjwe kila siku saa tisa, watu wapige makofi?" Akasema, "Si wa mama yako, wa mama yako uko nyumbani salama." Nami nna barua yako mkobani, nimeipata jana yake, inasema mlango unatakiwa Nungwi ukatiwe kwenye baa. Sikuwa na la kumjibu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, Asha, andika siku hiyo.

Nilikataa kuvuta komeo. Akalivuta mwengine. Mlango mpya upo, umati upo, saa tisa imefika. Bi Mkubwa akaja mpaka langoni. Akautazama mlango. Kisha akageuka, akarudi bandani kwake. Siku ya pili hivyo hivyo. Walimvuta kwa ndizi, kwa tikiti maji, hakwenda. Na tangu hapo upande ule hakwenda tena kabisa, hata asubuhi. Ile njia yake, mama, majani yameanza kuota. Kumbe siku zote zile alikuwa anadhani tope lake lipo, ila kuna kitu kimemzibia. Alipoingia akaona halipo, akaacha.

Bi Karen ndiye aliyekata shauri. Alimwambia yule bwana, mbele yetu, "Uliniambia inafaa kwa sababu sinema ina kobe. Sasa nna kobe wa mpira mzima, na wa kweli anakufa." Bi Mkubwa kapelekwa kwenye shamba moja upande wa kusini, kuna joto na makobe wenzake, na tope la haja. Siku alipopakiwa garini nilimpa ndizi. Aliila. Nilikaa kwenye ngazi za ofisi nikalia mpaka Rosa akaniletea maji.

Mji wa sinema umebaki. Watoto wanakuja, sikatai, wanakuja wengi. Wanyama wanapitiwa kwa nje tu, kama watu wanavyopita makaburini. Bi Karen anasema sasa watu wa sinema wanataka kupaondoa na mahali pa nyani.

Sasa nakuja kwa Ami Seif. Mwambie shikamoo yake iko pale pale. Mwambie kuwa nyumba njema si mlango, kweli, wahenga hawakukosea. Lakini mimi nimeuona mlango usio na nyumba. Nimesimama mbele yake pekupeku nikabisha hodi, nikajibiwa na ndoo ya choo. Huko Nungwi nyuma yake kutakuwa na nini? Chupa. Na Bismillahi ya babu ikiwa juu, mtu anapita chini yake anapepesuka. Baba alisema mlango haupungui kwa kutazamwa. Baba, Mungu amrehemu, hakujua kuwa watazamaji siku moja watataka kuondoka nao.

Kama paa la nyuma linavuja na ndilo linalokusukuma, niambie, tutatafuta njia nyengine. Mkataba wangu unakwisha na siutii tena sahihi. Nshamwambia Bi Karen, hakunizuia. Nnakuja nyumbani, mama. Usiku silali kwa kuufikiria ule uchochoro wetu, kizingiti kilicholiwa na nyayo zetu, na wewe juu ukiuliza "Nani?" na hali sauti yangu waijua. Nisije nikafika, nikabisha, nikasukuma, nikakuta vigae. Nimeona mtu akifika kwake akakosa anachokitafuta. Sitaki kuwa yeye.

Nisalimie Ami Seif na mkewe, wasinune. Msalimie shangazi wa Malindi, mwambie mafuta ya mkaratusi nimemnunulia. Bi Mwanaisha jirani yetu wa ng'ambo ya uchochoro, aliyewauzia watu wa sinema visheti vilivyochacha, mwambie hawajamsahau. Na mjomba mwenye duka Mwanakwerekwe aniwekee godoro, la zamani nimesikia Asha kashalirithi. Asha, wewe sikusalimu, umekaa na barua muda wote, salamu zako zimo ndani.

Mimi uliyenizaa na kunifunza kubisha hodi,

Zuwena

Nimesahau jambo. Nilipokuwa naokota vile vipande, kimoja hakikuwa na maandishi. Ni kile kishikio cha dele la baba, cha povu, na rangi ya shaba juu. Hicho sikukizika. Kimo sandukuni, kimekunjwa ndani ya mtandio. Ntakapofika, kabla sijapanda ngazi, ntakiweka sambamba na cha kweli, safu ya tatu, nione kama walikipatia. Nikikute, mama.